Kupanda si kukubali kubaki

Nyumbani kwetu, chini ya dirisha la pekee tulilo nalo, kuna makopo 12. Mengine yalikuwa ya mafuta ya posho, mengine ya maziwa ya unga, na mawili ni chupa za maji zilizokatwa katikati. Ndani yake kuna miche ya nyanya, bilinganya na pilipili. Mama analalamika kwamba nyumba imegeuka shamba. Usiku mdogo wangu akiamka, lazima apige teke kopo moja. Lakini ukiyatoa nje mapema, asubuhi hukuti kitu. Kuku wa jirani amefukua, mbuzi amepita, au mvua ya ghafla imeilaza miche yote chini. Kwa hiyo tunaotesha ndani.

Mimi nafanya kazi na vijana katika kambi yetu, hapa mkoa wa Kigoma. Kikundi chetu kina vijana 14, wengine tumetoka Kongo, wengine Burundi. Kuanzia mwezi wa tisa kila mmoja anapewa mbegu kidogo akaoteshe kwao ndani, ili mvua zikikolea miche iwe tayari kwenda kwenye kile kipande kidogo cha ardhi pembeni ya nyumba.

Msimu uliopita kijana mmoja alinirudishia bahasha yake.

"Kaka, jina letu limo kwenye orodha ya kurudi. Nyanya za nini sasa? Atakula nani?"

Nikamwambia akae nazo tu, zitamfaa. Akakataa. "Tena baba anasema, mtu anayepanda amekubali kukaa hapa."

Sikuwa na jibu, maana neno hilo nimelisikia nyumbani kwetu tangu niko mdogo. Baba yangu alikataa kupanda mti wowote hapa. Lengalenga sawa, kwa sababu baada ya wiki tatu au nne unachuma. Mparachichi hapana. Mparachichi ni miaka, na sisi, alisema, tunarudi Fizi mwaka huu. Kila mwaka ulikuwa ni mwaka huu. Leo jirani aliyepanda wa kwake wakati ule ana kivuli na matunda. Sisi tuna jua.

Basi lile swali likanikaa kichwani. Je, ni kweli kwamba anayeotesha mbegu amekubali? Nikaanza kutafuta katika historia kama kuna watu wengine waliokaa mahali wasipopachagua, wasijue watatoka lini, na bado wakaotesha mbegu. Wapo wengi. Nitaeleza habari ya kambi moja tu, iliyoitwa Ruhleben.

Kwa nini mbegu ianzie ndani

Kabla ya kufika Ruhleben, tuone kwanza jambo lenyewe la kuoteshea ndani, kwa sababu si letu sisi wa makopo peke yetu. Ni la zamani sana. Tiberius, aliyetawala Roma kuanzia mwaka 14 hadi 37, alipenda matango kiasi cha kutaka kuyaona mezani karibu kila siku. Mwandishi wa Kirumi, Pliny, anasema watunza bustani walikuwa na vitanda vya matango vyenye magurudumu. Jua likitoka wanavisukuma nje, baridi ikija wanavirudisha chini ya vifuniko vya jiwe jembamba linalopitisha mwanga. Kwa maneno mengine, mfalme wa Roma alikuwa na makopo kama yetu, ila yake yalikuwa na magurudumu na watumwa wa kuyasukuma.

Ulaya adui wa mche ni baridi. Katika nchi kama Ujerumani barafu ya usiku inaweza kuanguka hadi katikati ya mwezi wa tano. Wakulima wa huko wana siku zao, kuanzia tarehe 11 hadi 15 Mei, wanaziita za Watakatifu wa Barafu, na wengi hawatoi nyanya nje kabla hazijapita. Lakini mtu akingoja mpaka hapo ndipo asie mbegu, baridi ya mwisho wa mwaka itamkuta na nyanya za kijani. Kwa hiyo anaanza ndani mwezi wa tatu. Anaishi na miche yake wiki sita au nane, ndipo inatoka.

Kwetu baridi siyo shida. Shida ni mbuzi, jua kali, na maji. Mche mmoja ndani ya kopo unakunywa kikombe. Kitanda cha nje kinataka ndoo, na ndoo ina foleni yake. Lakini sababu ya msingi ni moja. Kitu kichanga kinalindwa mpaka kiweze kusimama chenyewe.

Kambi ya farasi

Ruhleben ilikuwa uwanja wa mashindano ya farasi pembeni ya Berlin, karibu na Spandau. Mwezi wa nane 1914 Uingereza na Ujerumani ziliingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Uingereza ikaanza kuwafungia Wajerumani waliokuwa kwake. Ujerumani nayo, tarehe 6 Novemba 1914, ikaamuru kukamatwa kwa wanaume Waingereza wenye umri wa miaka 17 hadi 55. Hawa hawakuwa wanajeshi. Walikuwa raia waliokutwa na vita mahali pabaya: mabaharia ambao meli zao zilikuwa bandarini Hamburg, wavuvi, wanafunzi, wafanyabiashara, wanamuziki. Alikuwemo Steve Bloomer, mshambuliaji maarufu wa timu ya taifa ya Uingereza, aliyekuwa amefika Berlin wiki chache tu kabla ya vita ili awe kocha. Alikuwemo pia kijana aliyekuwa akisomea fizikia, James Chadwick. Mwaka 1932 huyo huyo aligundua nyutroni, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1935.

Waliwekwa kwenye mazizi ya farasi. Chumba cha farasi mmoja, watu sita. Waliokosa chumba walilala darini juu ya majani makavu. Kwa wakati mmoja walikuwa zaidi ya 4,000, na kwa miaka yote walipita zaidi ya 5,000. Matope, baridi, foleni ya maji, foleni ya supu. Sihitaji kueleza foleni kwa wasomaji wa jarida hili.

Mwanzoni wengi waliamini vita vitaisha upesi. Mtu anayeamini anaondoka mwezi ujao hapangi kitu. Analala, anacheza karata, anasubiri habari. Ila miezi ilipopita, mambo yakaanza kujengeka. Wakaanzisha shule, maktaba, michezo ya kuigiza na ligi ya mpira. Wakawa na jarida lao la kambi, kama hili unaloshika. Njia za matope wakazipa majina ya mitaa ya London. Mwanafunzi mmoja wa muziki kutoka Kanada, J. Davidson Ketchum, aliyekaa humo, alikuja kuwa mwalimu wa saikolojia. Aliandika kitabu kizima juu ya jinsi wafungwa walivyojijengea jamii, na kikachapwa mwaka 1965, baada ya yeye kufariki.

Mwaka 1916, yaani karibu miaka miwili ndani ya seng'enge, wafungwa wakaunda chama cha kilimo cha bustani. Halafu wakafanya jambo lililonishangaza. Waliandika barua London, kwa Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani, kile kilichoanzishwa mwaka 1804, wakaomba kuwa tawi lake. Hebu fikiri. Nchi mbili zinauana kwenye mahandaki, na barua inatoka kambini Berlin kwenda London kuomba uanachama na mbegu. Wakakubaliwa. Mbegu na vitunguu vya maua vikatumwa.

Walianza na maua, kwenye vipande vidogo kando ya mazizi, wakawa na mashindano na zawadi. Nilipolisoma hilo nilicheka kidogo. Mtu amefungwa halafu anapanda maua? Lakini chakula chao kikubwa kilikuwa kinatoka kwenye vifurushi vilivyotumwa na ndugu na misaada kutoka Uingereza. Kilichokosekana si unga, ni kitu cha kuangalia.

Baadaye mambo yakabadilika. Meli za Uingereza zilikuwa zimeifungia Ujerumani njia za bahari, na mwaka 1916 viazi viliharibika. Majira ya baridi ya 1916 hadi 1917 Wajerumani wengi walikula mzizi uliozoeleka kuwa chakula cha mifugo, na mpaka leo wanayakumbuka kwa jina la mzizi huo. Ikafika mahali walinzi na watu wa mjini wakawa na njaa kuliko wafungwa wenye vifurushi. Ila kifurushi hakileti mboga mbichi, maana zingeoza njiani. Ndipo mwaka 1917 chama kikapata sehemu ya ardhi katikati ya uwanja, pale farasi walipokuwa wakizunguka, wakaifanya shamba la mboga. Walikuwa na kitalu chao cha kukuzia miche. Wakatoa maelfu ya saladi na figili kwa ajili ya kambi.

Machi 1918

Kuna mwezi mmoja katika habari hii ambao mimi naurudia mara nyingi. Ni Machi 1918.

Tarehe 21 ya mwezi huo Ujerumani ilianza mashambulizi makubwa sana huko Ufaransa. Urusi ilikuwa imeshatoka vitani. Mtu aliyekaa Ruhleben akisoma magazeti ya Kijerumani angeweza kudhani Ujerumani inashinda, au kwamba vita vitakwenda miaka mingine minne. Hakuna aliyekuwa na tarehe. Na Machi, kama nilivyosema, ndio mwezi ambao mtu wa Berlin anasia mbegu zake mahali penye kificho. Wangeweza kusema, msimu huu hapana, tumechoka. Wengine bila shaka walisema hivyo. Lakini bustani iliendelea, na kiangazi kile kambi ilikula mboga zake. Tarehe 11 Novemba 1918 vita vikasimama, na kabla mwezi haujaisha wafungwa wakaondoka.

Sasa nauliza: wale waliopanda mwaka 1918 walikuwa wamekubali kubaki? Walipofunguliwa mlango, kuna aliyesema ngoja kwanza, nina saladi? Waliondoka wote. Bustani haikumfunga mtu hata mmoja. Na wale ambao hawakupanda hawakutoka mapema kwa siku hata moja. Tofauti yao ni kwamba waliopanda walikuwa na kazi ya kuamkia asubuhi.

Kuna daktari wa Uswisi, A. L. Vischer, aliyetembelea kambi za wafungwa wakati wa vita hivyo. Mwaka 1918 alichapisha kitabu kuhusu alichokiita ugonjwa wa seng'enge. Watu wanakuwa na hasira za haraka, hawalali vizuri, hawawezi kusoma ukurasa mmoja mpaka mwisho, wanashuku kila mtu. Moja ya sababu kubwa aliyoitaja ni kutokujua kifungo kitaisha lini. Mfungwa wa jela anahesabu siku zilizobaki. Hawa hawakuwa na cha kuhesabia.

Niliposoma hayo nilimkumbuka baba na mwaka wake wa "mwaka huu." Nikaelewa pia kwa nini makopo yale yananipa usingizi. Mbegu ya nyanya ina tarehe. Wiki moja, siku kumi ikichelewa, inachomoza. Wiki ya nne au ya sita inatoka nje. Miezi miwili au mitatu baadaye unakula. Hapa kambini hakuna mtu anayeweza kunipa tarehe ya kitu chochote, lakini kopo linanipa.

Habari hii haiko mbali na sisi

Msomaji anaweza kusema, hao ni Wazungu wa Berlin, sisi wanatuhusu nini? Sikiliza hili. Wakati huo huo wa vita, Wajerumani waliitawala nchi hii tunayoishi, na raia wa nchi adui, wakiwemo wamisionari, waliwafungia Tabora. Mwaka 1916 majeshi yaliyotoka Kongo ya Wabelgiji yalivuka. Maafisa walikuwa Wazungu, lakini askari walikuwa Wakongomani, na nyuma yao wapagazi wengi mno waliobeba mizigo, na wengi wao walikufa njiani kwa maradhi na uchovu. Mwezi wa saba wakaichukua Kigoma. Tarehe 19 Septemba 1916 wakaingia Tabora, na wale waliofungiwa humo wakawa huru.

Kwa hiyo mwaka ule ule ambao wafungwa wa Ruhleben walikuwa wakiunda chama chao cha bustani, watu wa kwetu walipita kwa miguu katika mkoa huu huu, wakawafungulia wengine mlango wa kambi. Hili sikufundishwa shuleni. Nadhani kila mtoto wa kambi hii angepaswa kulijua.

Upande wa picha ambao hauonekani

Nisieleze Ruhleben kama pepo. Mabaharia weusi, wa kutoka Afrika na visiwa vya Karibi, walitengwa kwenye banda lao. Wafungwa wengine waliharibika akili. Wengine walikufa. Na zipo picha za bustani zile, nzuri kabisa, vitanda vimenyooka na watu wamesimama wamevaa koti. Ukiona picha peke yake unaweza kusema, kumbe walikuwa wanaishi vizuri tu.

Hapa nawaomba ndugu zetu wa mashirika mnaosoma jarida hili mnisikilize kwa upole. Mkija kupiga picha makopo yetu, karibuni. Tunayapenda na sisi. Lakini picha ya nyanya isije ikawa ushahidi kwamba posho inatosha, au kwamba watu hawa wametulia, waache hapo hapo. Wala isije ikawa ushahidi wa upande wa pili, kwamba kwa kuwa wanapanda basi hawataki kurudi. Mche ni mche. Swali la kurudi au kubaki mtuulize wenyewe kwa mdomo, msiusome kwenye bustani.

Na wazazi wetu pia nawaomba. Msituone tumewasaliti tukipanda. Mbegu za lengalenga tulizo nazo nyumbani zilitoka na bibi zikiwa zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Aliyezifunga hakuwa mtu aliyekubali kitu.

Tunavyofanya sisi

Kwa anayetaka kuanza, njia yetu ni hii. Toboa kopo chini, maji yakikaa mizizi inaoza. Changanya udongo wa juu, mchanga na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi inaunguza. Fukia mbegu kina cha kucha tu, funika kopo na karatasi, mwagilia kwa kunyunyiza. Mbegu haitaki mwanga mpaka ichomoze. Ikichomoza, siku hiyo hiyo ondoa karatasi na isogeze dirishani, la sivyo miche itarefuka kama uzi ikitafuta jua, halafu ianguke. Geuza kopo kila siku ili isipinde upande mmoja.

Usisie mbegu nyingi kwenye kopo moja wala usimwagilie kupita kiasi. Hapo ndipo kinyausi kinapoingia. Shina linakuwa jembamba pale chini na mche unalala asubuhi kama umekatwa. Msimu wa kwanza nilipoteza makopo manne hivyo hivyo kwa sababu ya huruma yangu ya maji.

La mwisho ndilo watu wengi wanalikosea. Mche uliokulia ndani usiutoe nje siku moja ukauacha. Utakufa kwa jua. Utoe saa moja asubuhi, urudishe. Kesho saa mbili. Baada ya wiki au siku kumi unaweza kulala nje. Ukiwa na majani manne hadi sita, uhamishe jioni, jua likishapoa. Lengalenga haina haja ya yote haya, imwage tu nje itaota.

Yule kijana nilimsimulia habari ya Ruhleben. Nisiseme uongo, hakushawishika. Alisema, "Hao walikuwa na vifurushi, kaka." Na kweli walikuwa navyo. Lakini mama yake alikuwa amekaa pembeni anachagua maharage, akasikia yote. Akanyoosha mkono akasema, "Lete hizo mbegu hapa. Tukiondoka, jirani atakula. Tusipoondoka, tutakula sisi. Kuna hasara gani?"

Makopo yake sita aliyaweka ndani, nyuma ya mlango. Mpaka naandika haya, orodha haijaitwa. Nyanya wameshachuma mara mbili.

Mwezi wa tisa tunaanza tena. Mwenye kopo tupu asilitupe.